Mtu Aliyepigwa Kwanza

Napenda ndondi. Sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nikairudisha, kwa sababu zaidi ya nusu ya maisha yangu nimeikana. Niliikana mbele ya mama yangu, aliyekuta matone ya damu kwenye gauni langu la Jumapili; nikamwambia ni rojo la mawese, naye akainusa ile nguo, akaniangalia, akaitia majini. Niliikana chuo kikuu, kule Lubumbashi, ambako niliandika tasnifu nzima kuthibitisha kwamba ndondi ni mabaki ya ukoloni, nikapongezwa sana na walimu ambao hawajawahi kuona mtu akitema jino. Ukweli ni kwamba sauti ya ngumi inayotua ubavuni inanishika tumboni hadi leo. Ya taya hapana, ya taya ni kavu mno. Mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada yake ukutani, hapaswi kusema hivyo. Basi nimesema, na sasa naweza kumzungumzia aliyenitia katika hali hiyo.

Alikuwa mwamuzi wa ngumi wa Kindu, enzi zile nchi ikiitwa Zaire. Watu wote walimwita Arbitri, hata mkewe, hata paroko, hata watoto wake walipokuwa wakiomba chumvi mezani. Siku za kazi alikuwa mtu wa reli: alisimama katikati ya mabehewa ya mizigo na kuyaunganisha, kazi ambayo mtu akikosea mara moja hapati nafasi ya kukosea tena. Jumapili alivaa shati jeupe na kupanda ulingoni, nyuma ya karakana ya treni.

Ulingo wenyewe ulikuwa kitu cha kutisha hata bila watu. Ulisimama juu ya mataruma ya zamani, yale magogo yanayolala chini ya reli, sakafu yake turubai la behewa lenye harufu ya dizeli, kamba zake zilitoka bandarini kwenye mashua za mizigo, nene, kavu, zenye miiba. Bondia akisukumwa kwenye kamba mgongo ulichunika kama wa samaki. Kengele ilikuwa kipande cha reli kinachogongwa kwa bolti. Wavuvi wa Lokandu walikuja wakinukia moshi wa samaki, wachimbaji wa Pangi walikuja na tope hadi magotini, na mbele kabisa, kwenye viti vyenye mito, aliketi Prezida wa komite ya ngumi ya mji, mtu wa Chama, kifuani beji ya Mkuu wa nchi na mkononi leso ya kupanguza damu ya wengine.

Arbitri hakuanza pambano lolote kabla hajapigwa.

Nieleze vizuri. Mabondia walipokwisha kuvaa glavu, yeye alifungua vifungo vya shati, akasimama katikati na kumwita mmoja mmoja. "Unipige." Bondia mgeni alidhani ni utani. "Unipige, baba, si mama yako anakuangalia hapa." Basi alipigwa kifuani, kulia, halafu kushoto, kwa nguvu zote. Aliyepiga kwa huruma alirudishwa apige upya. Arbitri alifumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, akasema, "Safi," au akasema, "Fungua."

Kwa sababu kifua chake kilijua. Kilijua glavu iliyotolewa sufi ili mfupa ukaribie. Kilijua bolti iliyofichwa kiganjani. Zaidi ya yote kilijua wanga. Hiyo ndiyo ilikuwa hila ya mkoa wetu wa Maniema: unachukua bendeji za mkono, unazilowesha kwenye maji mazito ya muhogo, unazifunga, unazikausha juu ya makaa, na ngumi inakuwa gogo. Kwa macho huoni kitu. Kwa vidole, juu ya glavu, huhisi kitu. Lazima upigwe. Jumatatu asubuhi Arbitri aliunganisha mabehewa akiwa na kifua cha zambarau, akihema kama mivukuto ya mhunzi.

"Hakuna njia nyingine?" nilimuuliza siku moja, nikiwa bado msichana wa shule.

"Iko moja. Wapigwe wao."

Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa mwamuzi mkali kuliko mabondia. Aliyemtukania mwenzake mama alipata kofi la Arbitri kabla ya kengele. Mara moja Prezida alipanga na bondia mmoja mnene wa mjini kwamba aanguke mapema, na yule bwana, kwa haraka ya kumaliza kazi, akaanguka kabla ngumi haijamfikia. Ilipita mbali na pua yake kiasi cha mkate mzima. Arbitri alimwangalia pale chini. Hakuhesabu. Alimshika kwapani, akamsimamisha wima, akampanguza vumbi kwa heshima, kisha akamwasha kibao kilichosikika hadi ng'ambo ya mto Lualaba.

"Sasa umepigwa," akasema. "Sasa lala."

Watu walicheka mpaka wavuvi wakaangusha samaki. Prezida hakucheka.

Mtu huyohuyo hakuweza kuona kuku akichinjwa. Siku za sikukuu mkewe alimpeleka kuku kwa jirani, na Arbitri aliingia chumbani na kuwasha redio kwa sauti kubwa, akasikiliza nyimbo za Chama ambazo siku nyingine zote alizichukia. Alikuwa na misemo yake, "Ngumi haina kadi ya Chama," na, "Anayehesabu asiwe na ndugu," na aliisema kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza chai. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonishangaza kuliko yote. Mtu huyu, aliyejificha kila Jumamosi asiende kazi za lazima za umma, aliyeiita hotuba ya Mkuu "mvua ya radio", alitaka ndondi iwe na komite moja ya juu, ya nchi nzima.

Tulibishana hivyo kila likizo. Nilikuwa nikirudi kutoka chuoni na vitabu vyangu, naye ananiita kutoka kwenye kivuli cha behewa.

"We Iniversite! Kuja hapa. Nieleze: mupira iko na wakubwa wake wa inchi nzima. Baskeli iko nao. Juu ya nini ngumi hapana?"

"Arbitri, unataka wakubwa tena? Hawa tulio nao hawakutoshi?" Nilishusha sauti, maana hata mabehewa yalikuwa na masikio. "Chama kimoja, redio moja, picha moja kila ukuta. Na rushwa iko palepale juu. Ukiipa ngumi kichwa kimoja, umewapunguzia kazi wezi: wanahonga mlango mmoja tu."

"Umesoma vizuri."

"Asante."

"Sikusema umejibu vizuri." Akatema ganda la kokwa ya kola. "Sitaki mukubwa. Nataka *hapana*. Hapana moja yenye kusafiri."

Nilijua alichokuwa akisema. Kulikuwa na kijana wa Kibombo, mwepesi, mzuri kutazama, aliyepigwa Kindu mpaka damu ikamtoka masikioni. Arbitri alimkataza: usipande tena ulingoni, kamwe. Kijana akaitikia, akapanda treni, akashuka Kongolo, akajiita jina jingine. Enzi zile sote tulikuwa tumebadilishwa majina kwa amri. Nani angeshangaa mtu akijiongezea moja? Huko hakuna aliyejua masikio yake. Alirudi Kindu kwenye behewa la mpunga, amefungwa katika mkeka, katikati ya magunia. Aliyelifungua behewa hilo kutoka kwenye msafara, siku hiyo, alikuwa Arbitri.

"Hapana yangu ilifika mwisho wa ukuta wa karakana," aliniambia. "Ikachoka."

Halafu kichwa alichokiomba kikaja kweli.

Kwanza lazima nimtaje mdogo wangu, Ramazani. Tulitoka tumbo moja, akili nikachukua mimi na mikono akachukua yeye. Mama alizoea kusema hivyo, na sote wawili tulidhani tumepunjwa. Alipigana kama mtu anayefungua milango: mlango huu, mlango ule, hakimbii. Nilikuwa nikisimama nyuma ya marundo ya mataruma, kwa mtazamo wa msomi anayefanya utafiti, nikauma kanga yangu mpaka ikatoboka.

Likizo hiyo Prezida alitangaza kwamba sasa iko komite ya taifa, na kwamba delege wake, yaani mjumbe, anakuja kutoka Kinshasa pamoja na bondia wa kupigana na Ramazani. Arbitri alinyoosha shati lake jeupe mwenyewe. Nilimkuta akitabasamu peke yake, kitu kisicho cha kawaida.

Delege alikuwa na suti ya kizalendo, kola iliyosimama, na koleo dogo la chuma. Kwa koleo hilo alikuwa amefunga kamba za glavu za bondia wake kwa plombi, kile kidonge cha risasi, madini laini, kinachofungwa kwenye mlango wa behewa la mizigo na kubanwa muhuri. Akainua mikono ya bondia wake juu watu waone. Imekaguliwa. Imefungwa. Taifa limeidhinisha.

Mtu mwingine yeyote angeangalia tu glavu. Arbitri alikuwa mtu wa reli. Maisha yake yote alifundishwa sheria moja: behewa lenye plombi halifunguliwi njiani. Likitoka Kabalo limefungwa, linafika Kindu limefungwa, na aliyegusa plombi katikati ndiye mwizi. Niliona mkono wake ukienda kwenye vifungo vya shati. Nikauona ukisimama. Ukashuka.

"Arbitri, hakupigi?" Ramazani aliuliza.

"Iko plombi, mutoto wangu."

Ngumi ya kwanza ilipotua nilijua. Nimewaambia kwamba napenda sauti ya ngumi. Basi ile haikuwa sauti ya ngumi. Ilikuwa mchi kwenye kinu. Ya pili ilipasua nyusi, damu ikashuka kama pazia. Ramazani alisonga mbele kama desturi yake, akafungua mlango, na nyuma ya mlango mlikuwa na gogo. Watu walikuwa wakipiga kelele, na mimi, Mungu anisamehe, raundi nzima ya kwanza nilipiga kelele pamoja nao. Katika ya pili jicho lake la kushoto lilifunga. Katika ya tatu lilifunguka vibaya, na kilichotoka hakikuwa damu tu. Aliendelea kusimama. Alirusha ngumi upande ambao hakuna mtu.

Arbitri aliingia kati akapigwa yeye, begani, kwa bahati mbaya. Nilimwona akikunja uso. Kifua kilikuwa kimefunikwa, lakini bega nalo lilikuwa limesoma. Alimkamata mgeni mkono, akaikata plombi kwa meno, akavua glavu, na kuugonga ule mkono uliofungwa bendeji kwenye nguzo ya ulingo. *Ko. Ko. Ko.* Uwanja mzima ukasikiliza kuni.

Kisha alishuka akiwa ameishika glavu, akamfuata delege kwenye kiti chenye mto, akampiga nayo usoni. Alimpiga mpaka koleo likaanguka, akalikanyaga, akaendelea kupiga. Prezida aliita, "Sitwayeni! Sitwayeni!" neno la serikali la kumwita kila raia, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Wanajeshi walimkokota Arbitri miguu juu, kichwa kikigonga taruma baada ya taruma.

Alikaa ndani hadi msimu mwingine wa mvua. Walimpiga kiunoni kwa vitako vya bunduki, naye alitoka akitembea upandeupande kama kaa. Mtu wa kiuno hicho hawezi kusimama kati ya mabehewa, kwa hiyo reli ilimweka ofisi ya stesheni, kulinda simu.

Nilimtembelea hapo. Nilikuwa na hasira, na hasira ya msomi ni kitu cha aibu, kwa sababu inataka pia kushinda ubishi.

"Unaona?" nilimwambia. "Kichwa chako cha taifa kimekuja na muhuri. Kimechukua jicho la ndugu yangu."

"Muhuri njo ulikuja," akasema. "Hapana haikukuja."

"Ni kitu kilekile."

"Hapana, Iniversite. Muhuri unasema: usiangalie. Hapana inasema: miye niliangalia."

Nilimwambia atafute maana ya taasisi, au upuuzi mwingine wa namna hiyo.

Ile simu ya reli niieleze, maana haikuwa kama simu za leo. Ilikuwa waya mmoja kwa vituo vyote. Unazungusha mkono wa chuma, inalia kote, na anayetaka anasikiliza. Treni ilipopewa amri, kila kituo kilijibu kwa jina lake, *Kibombo imesikia, Samba imesikia*, na treni haikuondoka mpaka wote wamesema. Na waamuzi wa ngumi wa njia ile, karibu wote, walikuwa watu wa reli kama yeye. Nadhani alikuwa akiwaza hayo siku nyingi kabla ya mimi.

Miaka ilipita. Nilipata kazi ya kufundisha, nikawa nikirudi Kindu mara chache na mafuta ya ngozi kwa mama. Ramazani aliuza sigara sokoni, upande wa jicho zima akikutazama, upande wa pili akikuuliza. Daktari alikuwa amesema wazi: hilo lililobaki limelegea kwa ndani, ngumi moja tu litamfuata mwenzake. Nilimwambia kuna maisha mengine. Alinijibu bila ukali, "Yaya, weye bila kitabu uko nani? Niambie, miye nitafanya vile."

Safari ya mwisho nilifika mchana, nikamkuta mama ameketi kizingitini, ungo mtupu magotini.

"Mudogo wako ameenda Kongolo. Amejiita jina la baba yenu. Wanapigana leo."

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka kiatu kimoja kilibaki kwenye matope ya reli na sikukirudia. Arbitri alikuwa mezani, amezeeka, kiuno kimepinda, shati jeupe limefungwa vifungo vyote. Nilipomwambia hakusimama. Alizungusha mkono wa simu.

"Kongolo! Kongolo!"

"Kibombo hapa. Arbitri, habari ya mama?"

"Muzima. Kibombo, toka kwa laini. Kongolo!"

"Samba inasikiliza. Iko musiba?"

"Samba, funga kinywa. Kongolo!"

Sauti ilikuja kutoka mbali, yenye mchanga. Ilikuwa ya mwamuzi wa huko, mtunza njia panda za reli. Walifahamiana kwa sauti tu, hawajawahi kuonana. Ndiyo, iko bondia wa kutoka kaskazini. Iko nyuma ya ofisi, anafunga bendeji. Muntu muzuri, mupole.

"Asipande," alisema Arbitri. "Iko na jicho moja, na hilo moja si lake."

"Amesema jicho ni vumbi la treni. Watu wamekwisha jaa hapa, Arbitri. Prezida wetu iko anakunywa. Nitawaambia nini? Nani anakataza?"

Nikamnyang'anya Arbitri kile chombo. Mimi, niliyeandika kurasa na kurasa dhidi ya vichwa vya taifa! Nilikwisha tayarisha sauti, ile ya Kifaransa cha ofisini. Nilitaka kusema: hapa ni Komite ya Taifa ya Ngumi, Sitwayeni, na hii ni amri. Nilijua angetii. Wakati ule kila mtu alitii sauti ile.

Arbitri aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa simu, juu ya vidole vyangu.

"Plombi tena?" aliniuliza polepole.

Nikairudisha.

"Kongolo," akasema, "usiniamini. Miye niliamini, unajua ilivyokuwa. Umwite. Simama upande wake wa kushoto, karibu, nyosha mukono. Mwambie akupige pale kiganjani. Asigeuze shingo. Akipata, apande."

"Anipige miye?"

"Upigwe weye kwanza. Njo kazi yetu."

Tukasikia chombo kikiwekwa mezani, mlango, viatu. Halafu hakuna kitu ila waya ukiimba, na pumzi za watu katika vituo ambavyo sijawahi kushuka, wote wakingoja. Nilisikia kwa mbali sana sauti ya ndugu yangu ikicheka, kisha haikucheka. Arbitri alikuwa amefumba macho, kama zamani, kama mtu anayeonja.

Viatu vikarudi.

"Arbitri."

"Nakusikia."

"Amepiga upepo."

"Shingo?"

"Haikugeuka. Nilimrudishia, na tena, juu aliniomba. Upepo. Mukono wangu uko hapa, haukuguswa." Sauti ikasita. "Amekaa chini. Iko analia. Nimemufungua bendeji."

Arbitri alifungua macho, akaniangalia mimi, si simu.

"Hapana," akasema ndani ya chombo.

Waya uliimba kidogo.

"Kongolo imesikia."

"Samba imesikia."

"Kibombo imesikia."

Nikadhani wamekwisha. Kisha, kutoka mbali kuliko wote, sauti ya mtu ambaye hakuna aliyemwita:

"Kabalo imesikia."